Kochi la Gakoromone Lililomlaza Mama Mkwe

Hiki kisa kwetu husimuliwa na watu wengine, mimi nikiwa nimekaa papo hapo natafuna chapati kana kwamba anayetajwa ni mtu wa kijiji kingine, na kila msimulizi huongeza chumvi yake, kwa hivyo leo nimeamua kukisema mwenyewe, maana aibu ni yangu na nitaigawa nipendavyo. Ndiyo, mimi ndiye yule mwalimu wa Kanyakine aliyelala kitanda kimoja na mama mkwe wake mbele ya mama yake mzazi, mchumba wake na wazee wa kanisa. Mchana kweupe. Hata chakula kilikuwa hakijaliwa.

Nilikuwa nimemchumbia Kendi, binti wa upande wa mji wa Maua, na wazazi wake wakatuma neno kwamba Jumamosi wangeshuka kuja kuona boma. Sasa kuona boma si kuona boma, msidanganyike. Watu wanakuja kuona kama binti yao atakula, atalala wapi, choo kina mlango au kina gunia, na wakitoka hapo ndipo husema kama mambo ya mahari yataendelea au watakushukuru kwa chai na msionane tena. Na mimi Kendi nilimpenda, jamani, nilimpenda hadi nikaacha sigara bila kuambiwa. Lakini sebuleni kwangu kulikuwa na benchi moja na viti viwili vya plastiki, kimoja mguu wake umeshonwa kwa waya.

Mama yangu akaniambia, "Tuazime viti vya kanisa, kila mtu huazima." Nikakataa. Viti vya kanisa vimeandikwa jina la kanisa mgongoni kwa rangi nyekundu, na mimi mwalimu mzima (mwenye tai mbili) niwakalishe wakwe kwenye maandishi?

Nikaenda Meru mjini. Pale soko la Gakoromone, ukishawapita wenye ndizi na viazi, nilikuwa najua sehemu moja wanauza vitu vya nyumba vilivyotumiwa na wazungu huko kwao: mazulia, taa, sufuria zisizoshika chakula, vitanda vya watoto, na vitu vingine ambavyo hakuna anayejua ni vya nini lakini vinanunuliwa. Muuzaji alikuwa mzee mpole wa pale mjini, Mzee Hamisi, kofia nyeupe kichwani.

"Karibu, mwalimu," akaniambia.

"Umejuaje mimi ni mwalimu?"

"Umeuliza bei kabla ya salamu."

Nikaona kochi. Kochi la watu watatu, rangi ya maharagwe, kitambaa laini ambacho ukipitisha mkono unasahau ulikuja na nauli tu na bahati. Wanaume wanne walihema kulipandisha kwenye pikapu, nikajisemea moyoni, uzito huu ni wa mbao ya kweli, wazungu hawachezi. Kitu kimoja tu hakikunipendeza: lilikuwa limezungushiwa blada kiunoni, ule mpira mweusi wa tyubu tunaofungia mizigo kwenye baiskeli.

"Hiyo blada usiitoe," Mzee Hamisi akasema.

"Kwa nini?"

Akafikiri kidogo. "Ililetwa nayo."

Basi. Hata yeye hakujua, na mimi sikujisumbua kuchunguza, maana nilikuwa nimeshaanza kuona sura ya Baba Kendi akilikalia.

Jumamosi asubuhi mama alitoa vile vitambaa vyake vyeupe vya kufuma, vile vya sikukuu, akavitandaza juu ya kochi, na likawa kochi la waziri. Isipokuwa ile blada. Ilikuwa imekatiza katikati ya weupe wote ule, nyeusi ti, ungedhani nimefunga mzigo wa miraa unaongoja gari la Nairobi. Nikachukua kisu cha jikoni nikaikata. Iliruka ikanichapa sikio hadi machozi yakanitoka, na mtu mwenye akili angesimama hapo ajiulize mpira uliovutwa namna hiyo ulikuwa unazuia nini. Mimi nilipaka mafuta sikio nikaenda kuvaa tai.

Wageni wakaja saa sita. Baba Kendi, mzee wa kanisa na pia mkulima wa miraa (hayo mawili yanaishi pamoja vizuri tu huko kwao, msiniulize mimi), Mama Kendi, mama mwenye mwili wake na heshima zake, Kendi mwenyewe, na wazee wawili wa kanisa lao. Wale wazee wakapewa benchi. Baba na Mama Kendi wakakalishwa kochini, kila mmoja pembe yake, na kochi likawapokea vizuri, nikapumua.

Baba Kendi akalibonyezabonyeza. "Kiti kizuri hiki. Ulikitoa wapi?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo mdomo wangu ulinitangulia. "Nilitengenezewa Nairobi, mzee. Kwa oda. Nilikaa na fundi nikamweleza kila kitu ninachotaka."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, mzee. Hata misumari."

Mama yangu alinitazama tu, akaenda jikoni.

Sasa niwaeleze walio wageni huku kwetu. Mama mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Humsogelei ovyo, humpi mkono ovyo, mkikutana njiani wewe ndiye unayepisha, na kitanda chako yeye hapaswi hata kukigusa kwa bahati mbaya, sembuse kukalia; likitokea, sharti achinjwe mbuzi wa kutakasa. Hata sisi tuliobatizwa mara mbili tunalijua hilo. Ndiyo maana mama alikuwa amenionya mapema: "Wanaume wanawishe wewe. Mama Kendi mwachie mimi."

Lakini mimi nilitaka waone kwamba binti yao hatateswa, anaolewa na mwanamume anayejua kushika jagi. Nikawanawisha wale wazee, nikamnawisha Baba Kendi, na aliyefuata alikuwa nani? Kumruka nikaona ni dharau. Nikasimama mbele ya kochi, katikati yao, macho chini kwa adabu, beseni mkono huu, jagi mkono ule, nikainama. Mama Kendi naye, kwa adabu zake, akajivuta nyuma ili tusikaribiane.

Ule mgongo ndio kochi lilikuwa linaungoja. Lilisema "kha!" mara moja tu. Mgongo wa kochi ukalala chini wote, sehemu ya kukalia ikaruka mbele ikanipiga magoti, beseni likaenda zake, na mimi nikaanguka kifudifudi. Nilipofungua macho nilikuwa nimelala katikati ya Baba na Mama Kendi, wote wawili chali, wanatazama mabati, mimi katikati kama kitindamimba wao. Maji yametulowesha sote. Na ndani ya tumbo la lile kochi, sijui mzungu gani alikuwa amekisahau huko, ukachomoza mto. Mto wa kulalia, wenye maua.

Kusema hicho si kitanda ikawa haiwezekani.

"Ngai! Mungu wangu!" mmoja wa wale wazee akasema, akavua kofia.

Nikaruka wima. Mama Kendi alijifunika uso kwa kitambaa cha mama yangu, na kusema kweli nilitamani ardhi inimeze na tai yangu. Baba Kendi aliinuka polepole, akapangusa suti, akaliangalia lile kochi lililonyooka sebuleni, akauangalia mto, kisha akaniangalia mimi.

"Kijana. Hiki ni kitanda."

"Sikujua, mzee! Haki ya Mungu sikujua!"

"Hukujua? Si ulikaa na fundi ukamweleza kila kitu?"

"Mzee..."

"Hata misumari, ulisema. Kwa hivyo ni wewe ulimwambia fundi akutengenezee kitanda cha sebuleni, cha kumlaza mke wangu?"

Hebu jiwekeni mahali pangu. Wiki nzima nilikuwa nimeomba mtu asijue lile kochi ni mitumba, na sasa nimesimama katikati ya nyumba, tai inadondoka maji, napiga kelele kwa sauti yote niliyojaliwa: "Ni mitumba, mzee! Ni mitumba ya Gakoromone! Wazungu wamelilalia, mimi nimelinunua juzijuzi tu!" Na wao hawaniamini! Majirani waliokuwa wamekuja kutusaidia kuchoma nyama wakajaa mlangoni kusikiliza mwalimu akiapa kwamba yeye hununua mitumba. Ikabidi mama yangu aitwe kutoka jikoni kama shahidi, akasimama na mwiko mkononi akasema, "Ni kweli. Alikataa viti vya kanisa." Hilo la mwisho hakuna aliyemuuliza.

Wakwe na wale wazee walitoka nje kushauriana karibu na zizi la ng'ombe. Nilibaki ndani nikijaribu kulirudisha kochi, likakataa, nikalikalia, likakataa zaidi. Kendi alikuwa amejiegemeza kwenye mlango wa jikoni, mabega yanatingishika, nikadhani analia. Kumbe anacheka hadi kamasi. "Ungesema tu," akaniambia akijipangusa. "Kwetu nyumba nzima ni mitumba. Hata ile suti ya baba." Nikaona aibu kuliko nilipokuwa nimelala pale.

Baba Kendi akarudi, akakohoa. "Sisi ni watu wa kanisa," akasema. "Hayo mambo ya mila tuliyaacha zamani na hata mimbarini tunayakemea."

"Asante, mzee."

"Lakini mbuzi utaleta. Ndume, mnono, wa rangi moja. Na mpaka tumchinje, hayo mengine hatutayazungumza."

Nilimpeleka Maua mwenyewe, nikimvuta kwa kamba, na kila niliyekutana naye alijua ni mbuzi wa nini. Kendi nilipewa. Tangu siku hiyo mgeni akisifu kitu chochote kwangu, hata kama nimekitoa dukani asubuhi na bei yake bado imebandikwa, mimi humwambia ni mitumba, na kusema uongo juu ya kiti niliapa sitarudia hadi nife.

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mama mkwe alikuja kumwona. Nilikuwa nimeazima viti vya kanisa, vyote, nikavipanga kwa mstari sebuleni. Akashuka kwenye bodaboda na uji kwenye kibuyu, na nyuma ya pikipiki kimefungwa kiti cha plastiki alichotoka nacho Maua, milima yote ile. Akakiweka mbali kidogo na mimi, kama inavyotakiwa, akakitikisa kwanza, akakalia, akampokea mjukuu.

"Mwanangu, mimi sina kinyongo," akasema bila kuniangalia. "Ila mgongo nimepewa mmoja."

Nikamwambia asante, mama, nikaenda nje kurudisha viti vya kanisa.