Tundu Kwenye Kiti cha Kamaro

Ukiufungua mlango wa gari ile mchana wa jua kali, cha kwanza kukupiga usoni si joto, ni udi. Joto linafuata baadaye. Ni udi wa miaka mingi, umeingia kwenye viti, kwenye zulia, hata kwenye usukani, ukachanganyika na petroli kidogo. Juzi alikuja kijana mmoja mkusanyaji wa magari ya kale, akaizunguka, akaisifu weee, halafu akaliona tundu kwenye kiti cha abiria, jeusi, dogo kama kifungo cha koti. Akanipa pole kama niliyefiwa. Nilicheka mpaka akaona haya, masikini. Basi nyinyi nitakuhadithieni lile tundu, maana yeye hakuwa na wasaa.

Gari yenyewe ni Kamaro ya Kimarekani, nyekundu, ya milango miwili, boneti refu kuliko sebule yetu ya zamani. Ami Nasor, kaka yake baba yangu, ndiye aliyeileta kutoka Amerika alikokuwa akisoma. Aliitanguliza gari kwa meli, mwenyewe akasema anafuata. Hakufuata. Akapata kazi huko, akaoa huko, gari ikabaki uani kwetu, mtaa wa Khuwair, chini ya turubali. Mimi nimezaliwa nikaikuta.

Kila Ijumaa asubuhi Baba akiiwasha ili betri isife. Ilikuwa ikinguruma mpaka vikombe vya kahawa vinagongana kabatini, na jirani yetu akisema yeye kwa hali ile hana haja ya kalenda. Ikishazimwa, inakuja zamu ya Bibi, mama yao Baba na Ami. Akitoka na chetezo chake cha udongo, makaa yamekolea, anatia udi, anakiweka ndani chini ya kiti, anafunga vioo, moshi unajaa. Nilipomuuliza gari ina haja gani ya kunukia, alinambia, "Mwenyewe akirudi asiikute inanuka ukiwa."

Katikati ya miaka ya tisini tukawa tunajenga nyumba mpya Al Amerat, juu milimani, na huko nafasi ya gari isiyokwenda popote haikuwepo. Baba akampigia simu Ami kumuuliza afanye nini. Ami akajibu, "Uza tu, mimi kurudi sasa hivi sirudi." Baba akaja kumwambia Bibi, aliyekuwa akichambua mchele. Bibi akasema "Kheri," akaendelea kuchambua. Mchana ule tulikula wali wenye mawe.

Mnunuzi alikuwa bwana mmoja wa mtaa wa Qurum, mwenye banda zima la magari ya Kimarekani. Alikuja Alkhamisi alasiri na sumaku ndogo aliyoifunga kwa leso. Akawa anaigusisha kwenye bati, pahala baada ya pahala, kutafuta wapi haishiki, maana hapo pamezibwa kwa lahamu. Kisha akalala chini, na kanzu yake nyeupe vile, akasoma namba za injini, akazilinganisha na za bodi. Nilimwona mwendawazimu. Alipoinuka uso ulikuwa unang'aa.

"Hii haijaguswa," alimwambia Baba. "Hata uzi wa viti ni wa kiwandani. Ukishatia rangi mpya au ukashona kiti upya, hata kiwe kizuri vipi, thamani inaanguka."

Bibi alikuwa akimmiminia kahawa, sahani ya halua iko mbele yake.

"Hata kiti kimoja?" aliuliza.

"Hata kiti kimoja, mama."

"Kheri," Bibi akasema, akamsogezea halua.

Wakakubaliana bei, bwana akaahidi kuja kuichukua kesho yake asubuhi. Mimi nililia chooni, maana mle ndani ya gari ndimo nilimokuwa nikichezea nyumba.

Asubuhi ya Ijumaa Bibi akatoka na chetezo kama kawaida. Baba akamwambia, "Mama, leo hapana haja." Akajibu, "Iende inanukia." Akaingiza kichwa na mikono ndani ya gari. Mara nikasikia harufu mbaya ya plastiki inayoungua. Baba alikimbia, akaliokota kaa la moto juu ya kiti cha abiria kwa vidole vyake mwenyewe, lakini kiti kilikuwa kishatoboka.

"Mkono umetetemeka, mwanangu," Bibi alisema. "Uzee huu."

Yule bwana alipofika alipapasa pale palipoungua, akasikitika kwelikweli, kisha akashusha bei. Baba akamtazama Bibi kwa kitambo. Akasema, "Basi tuiache." Nilifurahi nusura niruke, lakini nilimhurumia Bibi wangu. Toka siku ile sikumwachia kubeba buli la chai. Nilimpokonya hata sinia, naye akaniachia.

Gari tukahama nayo, tukaibana uani hivyo hivyo. Baba aliiendesha mwenyewe kupanda milima ya Al Amerat, Bibi yuko mbele, kakalia kanga aliyoikunja juu ya lile tundu. Watu walikuwa wakipunguza mwendo kumtazama ajuza ndani ya mngurumo ule. Yeye kanyooka tu, anatazama mbele.

Bibi alifariki nshakuwa mtu mzima, nafanya kazi. Ami Nasor alikuja, akachelewa maziko. Matanga yalipokwisha alitoka uani, akaliondoa turubali, akakaa kwenye kiti cha abiria, na kidole chake kikaliangukia lile tundu.

"Nani kaunguza?"

"Bibi," nikamwambia. "Mkono ulimtetemeka."

Akanigeukia. "Mama? Mama alikuwa akinifukiza kanzu nimeivaa mwilini, tokea mtoto mpaka asubuhi ile niliyopanda ndege. Hata jivu halijapata kunigusa."

Lile "hata kiti kimoja?" likanirudia na sauti ya Bibi, na halua iliyosogezwa. Miaka yote ile nilikuwa nikimbebea buli mtu ambaye mkono wake haukuwa na lolote.

Ami aliweka kiganja juu ya tundu, akalia kwa sauti. Nilimfungia mlango polepole, nikamwacha na mama yake.