Kinyozi na Gunzi Tumboni

Kinyozi wa kichochoro kimoja cha mji wa Tainan, Taiwan, hunoa wembe taratibu, na salamu huzijibu kwa kidevu. Siku mbwa wake alipotapika mfululizo, Siok-hun muuza matunda alimwambia, "Mnyime chakula, kaka, mpe maji kidogo kidogo." Kinyozi akapiga magoti, akamnywesha mbwa kwa kijiko. Maji yakarudi.

"Hata maji?" akasema Siok-hun. "Basi huyo ni wa daktari."

Kinyozi akamwacha mteja na povu mashavuni, akatoka mbio, mbwa kifuani. Daktari wa wanyama alimpasua, akatoa gunzi la hindi. Siku mbwa alipokula wali mweupe ukatulia tumboni, kinyozi alimbeba mabegani, akampitisha sokoni kama sanamu ya mungu siku ya sikukuu. Siok-hun akatangulia mbele: "Pisheni, mla magunzi anapita."