Kulala Chini ya Bampa

Mjomba wangu hakuwahi kunipiga hata siku moja. Nalisema mapema, maana watu wakinisikia ninavyomwongelea hudhani alikuwa mtu wa mikanda na makofi. Wala. Alikuwa mtu wa maneno, tena ya taratibu. Anayasema huku anapangusa mikono na tambara, na akimaliza wanaume wote wa gereji wanacheka, wewe unatamani ardhi ipasuke ikumeze.

Gereji yake ilikuwa Tabata, uwanja wa mchanga mweusi kwa oili, umezungushiwa mabati. Nilifika pale na cheti changu cha kuchomelea vyuma kwenye bahasha, na kiherehere cha kutosha. Mjomba alikisoma cheti chote, akakirudisha kwenye bahasha, akaniuliza kama chuoni walitufundisha na kupika, kwa sababu anayewapikia mafundi amekwenda msibani. Basi nikaanza kazi kwa kusonga ugali. Nilipopata kushika mashine ya kuchomelea akanipa jina: Bibi Harusi. Ngao ya usoni ndiyo shela, alisema, ila posa haijaletwa na wala haitaletwa. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, sina mume, na yeye alijua fika kidonda kilipo ndiyo maana alikuwa anakigusa hapohapo. Siku miale ya kuchomelea iliponichoma macho, nikakaa ukutani na vipande vya kiazi kwenye kope, machozi yananitiririka, akawaambia wateja wasishangae, bwana harusi kaingia mitini.

Nilivumilia. Msinisifu kwa hilo, kuna kitu nilikuwa nakitaka. Pale kila mwanaume aliitwa fundi, hata yule ambaye alikuwaga anafunga nati mpaka inakatika. Mie mteja akiuliza nani kachomelea hapa, mjomba anajibu, "Tumechomelea." Nilitaka mara moja tu, mbele za watu, aseme mie ni fundi. Nilikuwa nalitaka neno hilo kuliko mshahara. Baba yangu alishafariki, na mama yangu, ambaye nilikuwa naishi naye Segerea, kwake kaka yake ndiye alikuwa mwanzo na mwisho. Mjomba akisema mie ni fundi, basi nitakuwa fundi mpaka nyumbani.

Ndipo akaja yule bwana wa Tegeta na gari lake la porini. Pikapu ya milango minne, imenyanyuliwa, tairi zinanifika kiunoni, garini kuna kila kitu cha kupiga kambi. Alikuwa akizunguka mbugani na mkewe na watoto kila akipata nafasi. Sanduku la mbao alilokuja nalo lilibebwa na watu wanne: ndani mlikuwa na bampa la nyuma, la kuagiza, chuma tupu, lina mkono wa kubebea tairi la spea na matundu mawili ya kukita jeki. Pembeni kulikuwa na mfuko wa bolti zake, nene, nyeusi, zimegongwa namba za ugumu kichwani. Mjomba aliupima ule mfuko mkononi, akauweka kwenye kabati lake.

Kulitoa bampa la zamani ilikuwa vita, kutu imeshakula kila kitu, tukamalizia na grenda. Kuliweka jipya ikawa vita kubwa zaidi. Gari lilishawahi kugongwa kwa nyuma, chasisi ya upande mmoja imeinama kidogo, na vile vyuma vya kushikia bampa vikawa havifikiani na matundu. Hapo mjomba akaniita. Nilikata sahani za chuma, nikapima, nikachomelea, nikasaga, nikachomelea tena. Nilishinda mgongo chini siku nzima, cheche zinaniingia shingoni, na nilipomaliza ile weldingi ilikuwa imelala vizuri, yaani ungepitisha kidole ungeona raha. Nilijua nimefanya kazi. Mjomba aliangalia, akaguna, akanituma Buguruni kununua diski za grenda. Niliporudi bampa lilikuwa limeshafungwa na limepuliziwa rangi. Bolti alikaza mwenyewe, akasema, mie nikapumzike.

Mwenye gari alikuja kesho yake. Nikampa shikamoo, akaiitikia huku macho yapo kwenye bampa. Akalizunguka, akaligonga kwa kifundo cha kidole, halafu akatusimulia kilichompata safari iliyopita. Gari lilizama kwenye tope, wakalinyanyua kwa jeki ndefu kupitia bampa, bampa likang'oka upande mmoja, gari likamshukia mtu waliyekuwa naye. Yule mtu yupo, mguu ndio haupo. Tangu hapo, alisema, hachukui gari kwa fundi yeyote mpaka fundi mwenyewe alale chini ya kazi yake.

Mafundi wakadhani utani. Haukuwa utani. Alikita mawe kwenye tairi za mbele, akavuta handibreki, akaingiza jeki yake kwenye tundu la bampa na kuanza kupampu, na nyuma ya gari ikapanda mpaka tairi zikaning'inia. Kisha akajifuta jasho, akauliza nani analala.

Gereji nzima ikamgeukia mjomba. Gereji ni yake, jina ukutani ni lake. Mjomba akapangusa mikono, kidole kwa kidole, akaja akanishika bega.

"Fundi ni huyu hapa," akasema. "Kazi yote ya mkono wake. Analala yeye."

Jamani, nilifurahi. Nasema ukweli. Nilifurahi mpaka masikio yakapata moto. Nilitandika boksi mchangani upesi upesi wasije wakabadili mawazo, nikajisukuma chini ya lile gari kifua juu, kichwa changu usawa wa chasisi. Nilikuwa natabasamu kule chini. Yule bwana akapanda juu ya bampa, mtu mzima na kitambi chake, akaanza kurukaruka. Vyuma vikalia. Weldingi yangu nikaiona juu ya uso wangu, imetulia, haina hata ufa.

Halafu nikaziona bolti.

Hazikuwa zile za mfukoni. Hizi zilikuwa nyembamba, vichwa vimelika kwa spana za watu wengine huko zilikotoka, na kwa kuwa tundu ni kubwa kuliko bolti, zimejaziwa washa, vile vibati vya duara, mbili mbili ili vichwa visipenye. Juu yake imepakwa rangi nyeusi, kwa brashi, moja moja, kwa uangalifu. Mtu aliyepaka vile hakukosea. Bwana akiruka, bolti zinacheza kwenye matundu, washa zinasagana, na unga wa rangi unanidondokea mdomoni.

Niligeuza kichwa nitafute pa kutokea, nikaona miguu ya watu. Mafundi wenzangu walikuwa wamesogea karibu kabisa, wamechuchumaa wanichungulie, wanacheka. Ndara za mjomba zilikuwa mbali, kule kwenye mabati, ambako gari lingeshuka hata vumbi lisingemfikia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Gari nilishaliogopa. Sasa nilimwogopa yeye.

Nilitoka kwa visigino na viwiko. Yule bwana akashuka akanipigia makofi, akasema mwanamke wa shoka. Nilikung'uta mchanga kwenye ovaroli. Sikupaza sauti, sijui hata nilipata wapi utulivu ule.

"Mjomba, zamu yako," nikasema. "Bolti umekaza wewe."

Alipangusa mikono. Alipangusa tena. Tambara lilikuwa chafu kuliko mikono.

"Mie na magoti haya, mwanangu," akasema.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwenye gari aliinama, akawasha tochi ya simu, akachungulia kutoka pembeni bila kuingiza hata kichwa, akimulika bolti moja moja. Aliposimama uso ulikuwa umemsawajika. Alimwambia mjomba kwamba alikuwa anamuulia mke na watoto, na akalirudia hilo mara kadhaa, mke wangu, watoto wangu, mpaka sauti ikamkauka. Mie nilikuwa nimesimama hapohapo, unga wa rangi bado uko kwenye meno. Hakunitazama. Alishusha gari, akatutaka tulifungue lile bampa, akalipakia nyuma, akaondoka.

Nilikwenda kuchukua mkoba wangu. Njia inapita nyuma ya pikapu ya mjomba mwenyewe, ile ambayo alikuwa akivutia magari mabovu. Ndoano yake ya kuvutia ilikuwa imefungwa upya. Bolti nene, nyeusi, namba kichwani.

Nyuma yangu nikamsikia akiwaambia mafundi, taratibu kama kawaida yake, kwamba Bibi Harusi leo kaachika kabla ya kuolewa. Wakacheka. Wale waliochuchumaa kunichungulia, ambao wangenitoa pale kwa koleo, walicheka.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa barazani, amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele. Watu husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilikuwa nimeushikilia msemo huo njia nzima, nikijua nikifika tu nitaweka kichwa mapajani kwake. Hakuniacha hata nivue viatu. Kaka yake alishapiga simu.

Nilimweleza yote. Bolti, rangi, washa, ndara kwenye mabati. Nilimweleza polepole, nikamwonyesha kwa vidole unene wa bolti hii na unene wa ile. Alisikiliza bila kuinua macho kwenye ungo, anatoa kijiwe, anakitupa, anatoa kingine.

"Gari lilianguka?" akauliza.

"Halikuanguka."

"Basi. Kesho nenda kamwombe radhi. Baba yako alipokufa, yeye ndiye aliyetulisha. Leo unamvua nguo mbele ya wateja wake?"

Nikamwambia mama, mjomba alijua. Alijua na akanilaza. Ningekufa.

"Ungekufa tungekulilia," akasema. "Hukufa."

Chini ya gari sikutoa chozi. Pale mkekani nililia, nililia kwa sauti kama mtoto, nimeinama, mikono bado inanuka chuma, nikisubiri mkono wake unishike mahali popote, hata kwenye kisogo. Mama aliniangalia kidogo. Kisha akausogeza ungo upande wa pili, nisije nikamlowesha mchele.