Nguzo ya Bwana Kiberiti

Kwa miaka kumi na minane Mwelwa alifagia uwanja wa boma la serikali pale Nchelenge, juu ya ziwa, na kila mwaka, kabla ya sikukuu ya uhuru, alipewa ndoo ya chokaa aipake nguzo ya jiwe ya kumkumbuka Bwana Kiberiti. Ajabu kweli: watu wanasherehekea uhuru kwa kumpendezesha mkoloni aliyechoma nyumba za wasiolipa kodi. Bibi yake, ambaye Mwelwa hakuwahi kumwona, aliungulia ndani ya mojawapo. Mbwa hawakulala kwenye kivuli cha nguzo ile, na Mwelwa aliipaka akiwa amegeuza uso.

Mwaka 1998 diwani Rodwell aliitisha mkutano: ing'olewe au ibaki? Walizungumza Kiswahili cha sokoni ili wachuuzi wa samaki kutoka Kongo nao wasikie. Patson, msemaji wa wavuvi, akasimama.

"Ile libwe njo inatuonyeshaka njia. Ukungu ikikuwa mingi, tunaangalia ile nyeupe, tunapita katikati ya mabwe ya mu maji."

Wengi wakaitikia. Ndipo Mwelwa, ambaye hakuwa na mazoea ya kusema mbele za watu, akainuka.

"Miye njo napakaka ile kitu. Muniulize miye. Bibi yangu aliungulia mu nyumba, na kila mwaka namuvalisha ule mwenye alimuchoma."

Hakulia. Alikuwa na hasira tu, hasira ya miaka kumi na minane. Mikono ya wengi ikainuka kutaka ing'olewe, na Alhamisi nguzo ikaangushwa.

Jioni hiyo, akisonga ugali, ndipo alipokumbuka: mumewe Hippolyte, Mkongomani wa Pweto, alikuwa kwenye kambi ya wavuvi kisiwani tangu wiki iliyopita. Angerudi alfajiri, na hakuna aliyempelekea habari. Ugali ukaungua.

Kulipopambazuka ukungu ulikuwa umemeza ziwa lote. Mwelwa akajifunga shuka jeupe, akaenda kusimama palepale iliposimama nguzo, mikono juu. Udongo chini ya nyayo zake ulikuwa na joto, ingawa hakuna aliyewasha moto. Nyuma yake kitu kilipumua. Aliogopa, lakini hakugeuka wala kushusha mikono. Mikono ilianza kumchoka, kisha akashangaa kuona haichoki tena.

Kafi likasikika. Mtumbwi ukatokeza polepole, ukapita katikati ya miamba bila kuigusa. Hippolyte akashuka, akapanda taratibu hadi alipo mkewe, akimtazama bila kuelewa.

"Mama Febby, ni weye ulikuwa unanionyesha njia?"

"Ni miye. Libwe balishaitosha, baliiangusha."

Hippolyte akachungulia nyuma yake, huku na huku.

"Na ule mama muzee," akauliza, "ule mwenye alikuwa anakushikilia mikono, ameenda wapi?"

Mwelwa akaanza kulia palepale, mikono yake ikiwa bado juu.