Kitambaa cha Kioo Darini kwa Mama

Nilikivunja kibao kile cha majaribio ili nimwaibishe mzee. Nauandika ukweli huo mwanzoni kabisa, nisije nikapata nafasi ya kuupamba.

Nilikuwa na mwaka mmoja tangu nimalize chuo kikuu Dar es Salaam, na nilikuwa nimepangiwa kazi katika karakana ya ndege pale Moshi. Ilikuwa banda la mabati kando ya uwanja, na tulitunza ndege mbili tu: moja ya daktari aliyezungukia zahanati za mbali, nyingine ya kunyunyizia sumu mashambani. Fundi mkuu alikuwa mzee wa Kisingasinga, mzaliwa wa mjini hapo, aliyeanza kazi enzi mabawa yakiundwa kwa mbao na turubai. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo. Alijibu, "Marahaba, Injinia," kwa sauti ambayo sikuwahi kujua kama ina heshima au dhihaka.

Nilikuwa mtu wa kuuliza. Nilimuuliza mchungaji wetu alijuaje kwamba mvua imeletwa na maombi. Nilimuuliza katibu wa tawi la Chama kwa nini shamba la kijiji linastawi kwenye taarifa kuliko ardhini. Neno langu lilikuwa moja: ushahidi uko wapi? Watu walinichoka, nami nikadhani kuchokwa ni dalili ya akili.

Msimu ule kwelea kwelea, wale ndege wala nafaka, walishuka tambarare za Sanya kwa maelfu yasiyohesabika. Wakulima wa ngano na ulezi walipiga madebe kutwa nzima na bado masuke yalibaki mabua. Ndege ya sumu ikahitajika haraka, nayo tangi lake lilikuwa na ufa.

Tangi lile halikuwa la bati. Lilikuwa la fibaglasi, yaani kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo nyembamba kuliko unywele, kikaloweshwa gundi ya majimaji ambayo ikiganda huwa ngumu kama pembe ya ng'ombe. Nguvu yake haiko kwenye kitambaa peke yake wala kwenye gundi peke yake. Iko pale vinaposhikana. Hilo nilikuwa nimelijibu kwenye mtihani, nikapata alama nzuri.

Rubani alikuwa mtu wa Musoma, mnene, mtani asiyenyamaza. Alikuja kuuangalia ufa, akauingiza ukucha.

"Sikia, Mchaga. Tangi hili linakaa mbele ya magoti yangu. Likitema, halitemi shambani, linanitemea mimi. Nina watoto wanne, na wa tano yuko tumboni."

"Nitaliziba, Kapteni."

"Lizibe kama unaziba mfuko wako wa pesa."

"Hivyo ndivyo nitakavyoliziba."

"Basi nimepona. Mchaga hadondoshi senti."

Kitambaa cha kuzibia tulikuwa nacho, robota moja la mwisho, lililokuja baada ya barua nyingi na kungoja karibu mwaka. Miaka ile hata balbu ilikuwa ya kuombewa. Masika yalipoanza, kabla ufa huo haujaonekana, paa la karakana lilivuja, na kijitabu cha kiwanda kilisema kitambaa kihifadhiwe mahali pakavu penye joto. Nikalitafakari sharti hilo kisomi. Mahali pakavu penye joto, mlimani, wakati wa masika? Nilijua mahali pamoja tu. Nikalibeba robota Jumamosi moja hadi Mwika, kihambani kwetu, kwenye shamba la ukoo, nyumbani kwa mama.

"Hii ni nini?" mama aliuliza. "Sanda?"

"Ni kitambaa cha ndege, mama."

"Ndege nazo zinavaa? Na sisi tunapanga foleni ya khanga!"

"Kisipate unyevu, kitaharibika."

"Kiweke darini. Huko hata mbegu ya mahindi haishikwi na ukungu."

Dari hilo lilikuwa juu ya mafiga. Huko mama aliivisha ndizi za pombe ya mbege na kutunza kila kitu alichokithamini, kuanzia mbegu hadi vyeti vyangu vya shule. Nikapanda ngazi, nikalisukuma robota kati ya mikungu, nikashuka nimeridhika. Nilikuwa nimehoji mimbari na Chama. Sikuhoji dari la mama yangu hata kwa sekunde moja.

Sasa, baada ya wiki tatu, nikalirudisha ili nizibe tangi. Kitambaa kilikuwa kikavu safi, kimegeuka kidogo tu rangi kwenye pindo, kama maziwa yaliyodondoshewa chai. Nikakikung'uta. Fundi mkuu alikuwa Arusha kwenye harusi ya mpwa wake, nami nilifurahi kuifanya kazi peke yangu. Nilisugua ufa kwa msasa, nikakata vipande, nikapaka gundi, nikatandaza kitambaa, nikapaka tena, tabaka nne. Gundi ile ina harufu kali inayoziba pua, husikii kingine. Kwa kufuata kijitabu, nilitengeneza pia kibao kidogo cha majaribio kwa kitambaa hicho hicho na gundi hiyo hiyo, ili kivunjwe baada ya siku saba kuonyesha kazi imeshika.

Fundi aliporudi, alitoa shilingi mfukoni akaanza kuligonga tangi, ti, ti, ti, akisogea polepole kuelekea kwenye kiraka. Alipofika hapo akasimama. Akagonga tena.

"Hapa sauti imekufa," alisema.

"Sauti si kipimo, fundi."

"Kipimo ni nini?"

"Tujaze maji. Yalale humo, tuone asubuhi kama limevuja."

Tukajaza maji. Asubuhi sakafu ilikuwa kavu. Nilikipitisha kiganja changu chini ya tangi mbele ya watu wote, nikakionyesha.

"Maji yametulia, Injinia," alisema. "Injini haitulii. Na sumu ile imechanganywa na mafuta. Tungoje kibao chako kifikishe siku saba."

Lakini wakulima walikuwa wanalia, simu za mkoani zilikuwa zinalia, na mimi nilikuwa na kiganja kikavu. Meneja wa karakana akaniamini mimi. Jumapili mchana rubani akaruka kwenda kwenye kiwanja cha nyasi karibu na Sanya Juu, sumu ikiwa imekwisha kutangulia kwa lori.

Alipoondoka nilikichukua kibao, siku yake ya tano. Nilikibana kwenye jiliwa la mezani, nikamwita mzee aje ashuhudie. Nikakipinda. Nilitarajia kikatae, halafu kivunjike kwa mlio, nyuzi zikiwa zimechanika na kuning'inia. Hakikukataa. Kilifunguka. Tabaka ziliachana laini, moja baada ya nyingine, kama magome ya mgomba, na kila tabaka ikabaki imeng'aa. Hakuna uzi hata mmoja uliochanika. Gundi haikuwa imeshika kitu.

Nilibaki nimeshika nusu ya kibao. Nakumbuka niliangalia mkono wangu kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Mzee alikichukua, akakisogeza puani.

"Kitambaa ulikitunza wapi?"

"Nyumbani. Darini."

"Juu ya moto?"

Niliinama kwenye jiliwa, nikainusa nusu iliyobaki.

"Injinia, moshi wa kuni una mafuta. Wewe umekula mahindi ya dari maisha yako yote, hujayaona yalivyopakwa masizi? Kila uzi wa kitambaa hiki umepakwa. Gundi ingeshika nini?"

Simu ya Sanya Juu ilikuwa imekatika tangu mvua zianze. Tulirukia Land Rover, mzee akiendesha. Boma Ng'ombe polisi akatusimamisha, kwa kuwa Jumapili baada ya saa nane magari yalikatazwa kutembea ili kuokoa mafuta.

"Kibali?"

"Kuna mtu angani anakunywa sumu," mzee alisema. "Andika namba ya gari, unifunge kesho."

Polisi alituangalia nyuso, akainua kizuizi.

Tulipofika kiwanjani ndege ilikuwa hewani, chini kabisa, ikikata juu ya migunga ambako kwelea kwelea walikuwa wanatua kulala. Tulivua mashati tukayapunga. Rubani akatuona. Akadhani tunamshangilia, akatikisa mabawa kutusalimu, akageuka kupita mara nyingine.

Nilipiga kelele hadi sauti ikanikauka. Mzee hakupiga kelele. Alikuwa anawaambia wanakijiji walete maji, maji mengi, na sabuni.

"Sabuni!" mmoja akacheka kwa mshangao. Mwaka ule sabuni ilikuwa adimu kuliko sukari.

Mama mmoja akakimbia nyumbani kwake, akarudi na nusu mche aliyokuwa ameifunga kwenye kitambaa.

Ndege ilitua vibaya, ikiruka ruka kama chura. Mlango haukufunguka. Tulipoufungua, rubani alikuwa amelowa kuanzia kiunoni hadi kwenye viatu, udenda unamtoka, na mboni za macho yake zimekuwa ndogo kama punje za ulezi. Alikuwa ananitazama lakini hakunijua. Kiraka changu kilikuwa kimelala mapajani mwake. Kizima. Hakikupasuka hata kidogo, kilikuwa kimebanduka tu.

Tulimvua nguo, tukamwosha, tukamlaza nyuma ya gari. Njia nzima kurudi Moshi nilimshikilia kichwa kigeuke upande, asipaliwe na mate yake. Alikuwa anatetemeka kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima, misuli ikichezacheza chini ya ngozi kama kuna wadudu. Nilijikuta nahesabu pumzi zake. Hospitali walimchoma sindano baada ya sindano usiku kucha. Mke wake alikaa kwenye benchi, tumbo likiwa mbele yake, na hakuniuliza chochote kwa sababu alidhani mimi ndiye niliyemwokoa.

Siku ya tatu alizungumza. Mikono ilikuwa bado inatetemeka, nikamshikia kikombe cha uji. Nikamwambia yote: darini, masizi, shilingi ya mzee, kiganja changu kikavu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Alikunywa funda moja, akafikiri.

"Hilo robota," akasema polepole, ulimi bado mzito. "Umelitumia wapi pengine?"

Uji ukanimwagikia. Wiki iliyotangulia, kwa kitambaa hicho hicho, nilikuwa nimeziba kifuniko cha injini ya ndege ya daktari. Siku tatu nzima nilikuwa nimekaa pale hospitali nikijilaumu, na sikuwa nimejiuliza swali hilo hata mara moja.

Nilikimbia kwa miguu kutoka hospitali hadi uwanjani. Ndege ya daktari ilikuwa ndani ya banda. Kifuniko kilikuwa kimefunguliwa, kimewekwa juu ya meza, na mzee alikuwa anakwangua kiraka changu kwa patasi.

"Toka lini?" nilimuuliza nikihema.

"Jumatatu asubuhi. Nilimwambia daktari asubiri."

"Mbona hukuniambia?"

Akanipa patasi, akasogea nikae mahali pake.

"Nilikuwa nangoja uulize."