Busaa Katika Nyumba ya Mzee wa Kanisa

Shukrani zimrudie Mungu, ambaye rehema zake huamka kabla yetu kila asubuhi. Amenipa miaka mingi, amenipa mke na watoto, na mahali nilipopungukiwa hekima amenipa majirani. Ninaandika haya nikiwa na amani moyoni, ingawa najua wapo watakaotikisa kichwa.

Nimekuwa mzee wa kanisa hapa Nakuru kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Pombe sijawahi kuinywa. Marehemu mamangu, aliyetoka magharibi mwa Kenya, alipika busaa, pombe ya nafaka ya kwao, hapa hapa Bondeni, katika nyumba za kanjo, yaani za baraza la mji, baba akiwa kazini kwenye reli, na busaa hiyo ndiyo iliyonilipia karo. Nilipookoka nilimsihi aache. Hakubishana nami, lakini hakuacha. Mimi nikajifunza kupita mbali na moto wake. Kwa hivyo nilipoanza kuipika mwenyewe, kichwa kikiwa cheupe, nilikuwa sijui lolote.

Sababu ilikuwa mwanangu wa mwisho. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mzima, na alikuwa amezama katika chang'aa, pombe kali ya magendo, ile ya siku hizi ambayo hata anayeiuza hajui imetiwa nini. Macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Mara mbili aliacha kwa ghafla, sisi tukifunga na kuomba, na mara zote mbili alianguka sakafuni akitetemeka mwili mzima, povu mdomoni. Mara ya pili tulimkimbiza zahanati. Muuguzi aliponiita pembeni hakunizungusha.

"Mzee, mwili wake umezoea. Mkiukatia ghafla hivi, mtamzika. Mlete hapa kila wiki tumwangalie, tumpe dawa, na kile anachokunywa apunguze pole pole. Lakini ile sumu ya vichochoroni asiiguse tena."

"Sasa atapunguza na nini?"

Alinitazama. "Kitu cha nafaka, kisicho na nguvu sana, ambacho mnajua kimetoka wapi. Kwani nyinyi watu wa magharibi hamna chenu?"

Niliomba siku tatu juu ya neno hilo. Kisha nikaenda kwa mchungaji wangu, kwa sababu sikutaka kufanya jambo la kujificha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mzee," akasema, "mimi hilo sijalisikia. Lakini nitakuombea."

Jirani yetu wa ua wa pili, mama anayeuza mboga, alikuwa akipika busaa zamani. Nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka akashika mlango.

"Wewe? Mzee wa kanisa, kwani divai ya Meza ya Bwana imeisha?"

Alipoona sicheki, alinivutia kiti. Akanifundisha. Unaloweka unga wa mahindi kwa maji kidogo, unaufunga ndani ya gunia, unauacha siku nne tano mpaka uchachuke. Wakati huo umelowesha wimbi, umeufunika hadi ukaota, umeuanika na kuusaga. Hicho ndicho kimera. Ule unga uliochachuka unaukaanga juu ya bati, moto chini, ukiugeuza kwa koleo bila kupumzika mpaka uwe na rangi ya kahawia. Kisha unautia maji, unachanganya kimera, unafunika. Siku mbili tatu baadaye unachemka wenyewe bila moto, nawe unakamua.

Nilifanya yote hayo peke yangu. Ila nilipofika kwenye kimera, mkono ulikataa. Niliambiwa bakuli zima, nikatia kiganja kimoja. Niliambiwa siku mbili tatu, nikakamua asubuhi iliyofuata. Nilijiambia kwamba nikiipunguza nguvu, na dhambi itapungua.

Mwanangu alionja, akakishusha kikombe.

"Baba, hii ni uji."

"Ni busaa."

"Ni uji, Baba. Tena hauna sukari." Akaanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa muda mrefu, nami nikacheka pamoja naye. Lakini alipomaliza kucheka alichukua koti lake akatoka, na sote wawili, mimi na mke wangu, tulijua alikokwenda.

Nilirudi kwa yule mama nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Kimera kiganja kimoja?" Alishangaa. "Mzee, Mungu huwezi kumkopesha nusu. Ama unampikia mtoto, ama humpikii. Na kukaanga si kazi ya mtu mmoja. Huyo mwanao ana mikono, si ana?"

Hilo la mikono sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimejitwisha kazi yote kama adhabu.

Unga wa pili ulipochachuka, nilimwambia mwanangu asubuhi mapema, kabla hajavaa koti, kwamba mgongo wangu hauwezi koleo. Haukuwa uongo. Alinifuata uani shingo upande. Mikono yake ilitetemeka hata unga ukamwagika pembeni, lakini bati likiwa na moto haliachwi. Ukienda, unga unaungua. Basi alikaa. Akageuza, nikachochea, nikapokea koleo, nikamrudishia. Tulifanya hivyo mpaka alasiri, na hakuondoka hata kwenda dukani.

Sasa, harufu ya unga ule ukikaangwa haifichiki. Mtu yeyote ambaye bibi yake alitoka magharibi anaijua. Kabla ya saa sita ua ulikuwa umejaa pua. Vijana wa bodaboda walisimama getini.

"Niaje, mzee! Leo ibada ni saa ngapi?"

"Wekea kwaya kiti, mzee!"

Niliona haya mpaka macho yakaniwasha. Nilitaka kueleza habari za zahanati, muuguzi na ushauri wake, lakini mwanangu alinitangulia. Alijibu bila kuacha kugeuza unga.

"Huyu mzee anapika dawa yangu. Mwenye swali aniulize mimi."

Mmoja akasema, "Poa, boss," wakaenda. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mwanangu kusema mbele ya watu kwamba anaumwa.

Safari hiyo nilitia kimera bakuli zima. Siku ya tatu mtungi ulikuwa ukitoa sauti ndogo ndogo kama watu wanaonong'ona kanisani. Tulikamua, nami nikashika kata. Alikunywa kwa kipimo tulichokubaliana na muuguzi, na kila wiki kipimo kikapungua. Wiki zingine aliomba zaidi kwa maneno makali, nami nikafunika mtungi. Hakuna kikombe kilichouzwa, hakuna mgeni aliyeonjeshwa. Kifafa hakikurudi. Akaanza kumaliza ugali wake.

Tulipika mara ya tatu, kisha tukaloweka unga kwa mara ya nne. Siku uliyokuwa tayari kukaangwa, niliamka nikakuta kitanda chake kitupu. Jioni akapiga simu: amepata kazi Naivasha, kuchomelea fremu za vyuma kwenye mabanda ya maua, wiki nzima.

"Msiningoje," akasema.

Nisamehewe, sikumwamini. Nilikwenda mpaka mdomo wa kile kichochoro cha chang'aa nikachungulia, mimi na tai yangu. Hakuwepo. Nilirudi, lakini bado sikuamini. Unga sikuukaanga. Niliona nikiukaanga peke yangu nitakuwa nimekubali kwamba ameenda.

Alirudi Jumamosi mchana. Mikono ya shati ilikuwa na matundu ya cheche, na macho yake yalikuwa meupe, hayana wekundu wa pombe. Alikula sahani mbili. Nilimwambia kwa aibu kwamba sina cha kumpa, unga umeharibika. Akaenda kufungua gunia. Ulikuwa umeota ukungu wa kijani juu hadi chini.

"Umeoza kabisa, Baba. Hata kuku usiwape."

"Na wewe je?"

"Nilibeba zile dawa za kliniki. Siku ya kwanza ilikuwa mbaya. Ya pili pia." Akalifunga gunia. "Kuna jembe?"

Tulichimba shimo nyuma ya nyumba tukaufukia. Katika maisha yangu nimemshukuru Mungu kwa mavuno mengi, lakini sijawahi kumshukuru kwa ukungu kama siku ile.

Hajawa malaika. Alianguka tena katika pombe mara moja tangu wakati huo, akainuka, akaenda zahanati mwenyewe bila kushikwa mkono. Leo yuko kazini.

Wewe unayesoma, kama una mtu unayemngoja nyumbani kwako, Mungu akupe subira isiyochoka na mikono isiyoona haya kazi. Amlinde huyo unayemngoja, amrudishe akiwa na njaa ya chakula, na meza yako isikose sahani yake. Amina.