Bahasha ya Zambarau

Tomma Eilers aliendesha lori la maziwa miaka kumi na mmoja bila kuligonga popote, tena katika barabara za mashambani ambazo ng'ombe wawili wanene hawapishani. Kati ya madereva tisa wa kiwanda, mwanamke alikuwa yeye peke yake. Alfajiri saa kumi injini ilikuwa inanguruma. Ikifika saa nne asubuhi tangi limejaa, naye amekunywa chai katika mashamba matano, maana watu wa kule Frisia ya Mashariki, pwani ya kaskazini ya Ujerumani, hawakuachi uondoke mlangoni kabla ya kikombe cha tatu. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mikono yake ikinuka maziwa na dizeli. Alikuwa na mtoto mmoja, Insa, wa miaka sita, na mume ambaye walikuwa wanaachana.

Naandika habari zake kwa sababu nilikuwamo katika kumponza. Wanasema hasira hasara. Basi mimi nimeila hasara hiyo miaka mingi, na bado sijashiba.

Nilimfahamu kwenye meza ya kupakia majarida. Tulikuwa wanawake watano mjini Bremen, tukitoa jarida lililoitwa Mbigili kila baada ya miezi miwili, katika vyumba viwili nyuma ya duka la baiskeli. Lilikuwa jarida la wanawake, na hasa la wanawake wapendao wanawake. Wenzangu wanne walikuwa watu wa chuo kikuu. Mimi nilisoma miaka minane, nikaenda kukata samaki kiwandani, nikaolewa, nikazaa wawili, nikaachika. Makala sikuweza kuandika. Nilichoweza ni kukunja, kubana kwa stepla, kubandika anwani, na kulinda sanduku la kadi za wasomaji. Majina yalikuwa mia tatu na arobaini, na niliyajua kama mama anavyovijua viatu vya wanawe mlangoni. Kimoja kikikosekana anashtuka.

Kadi sabini na moja nilizitia msalaba mdogo kwa penseli. Hao waliomba bahasha ya kaki, isiyo na jina la jarida wala la mtumaji. Alikuwamo mwalimu wa watoto wadogo, mke wa mchungaji, na muuguzi aliyepanga chumba kwa shangazi yake. Na Tomma. Barua yake ya kwanza ilikuwa na mistari mitatu: "Nitumieni. Lakini nje kusionekane kitu. Anayepokea barua nyumbani kwangu ni mama mkwe."

Maana yake niliielewa baadaye, alipoanza kuja Bremen siku za Jumamosi kutusaidia kupakia. Kwao alisema anakwenda kutafuta vipuri vya pikipiki. Yeye akitoka na lori alfajiri, mama mkwe huja kumwangalia Insa na kukaa hadi Tomma arudi. Hata baada ya Tomma na mumewe Harm kutengana, bibi aliendelea kuja, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Na tarishi wa posta akifika hukaa jikoni kwa vikombe vyake vitatu, na wawili hao huzisoma bahasha za kijiji kizima kwa nje.

"Dada Gesine," Tomma aliniambia siku moja, vidole vimejaa gundi, "kazi yenu hii ni kama kukamua."

"Kivipi?"

"Ukiharakisha unapigwa teke."

Tulicheka. Kisha akainamisha kichwa, akasema polepole wengine wasisikie, "Kesi ni mwezi wa tatu. Harm anamtaka mtoto. Si Harm hasa, ni mama yake. Pombe sinywi, kazini sichelewi, nyumba yangu safi. Hawana la kunishika nalo. Wanatafuta tu."

"Wanatafuta nini?"

Akainua jarida alilokuwa amelikunja. "Hiki hapa." Nikamwahidi kwamba lake litakwenda kwa bahasha ya kaki siku zote.

Siku hizo mahakimu hawakumuuliza mwanamke kama anampikia mwanawe au anamfunika usiku. Waliuliza analala na nani. Nilijua wanawake watatu walionyang'anywa watoto kwa swali hilo moja, na mmoja wao alikuwa akinyonyesha.

Mwezi wa kwanza, mwaka themanini na tatu, tulikaa kikao Jumapili mchana, keki ya plamu mezani. Kwetu hakukuwa na mwenyekiti, wala kura. Tulikuwa na kijiko cha mbao. Aliyekishika ndiye anayesema, kisha anampa wa kushoto kwake. Neno moja tu, "hapana", kutoka kwa yeyote kati yetu, lilitosha kulisimamisha jambo. Lakini ukikipokea kijiko ukakipitisha bila kusema kitu, umekubali.

Roswitha alikishika wa kwanza. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mrefu, mwenye moyo mwema na ulimi mwepesi. Alitoa bahasha mpya, ya rangi ya zambarau, na mbele imeandikwa kwa herufi nene: MBIGILI, JARIDA LA WANAWAKE WAPENDAO WANAWAKE.

"Mpaka lini tutajisafirisha kama magendo?" alisema. "Anayetuficha ni nani? Ni sisi wenyewe. Kuanzia toleo hili, wote watapata hii."

Almut, mpiga taipureta wetu, akapiga makofi. Kijiko kikaja kwangu.

"Kuna wale wenye msalaba," nikasema.

"Na huo msalaba ndio tatizo, dada," Roswitha akasema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Tunawalea katika aibu."

Nilitafuta neno la kumjibu. Wao walikuwa nayo mengi, marefu, ya vitabuni. Mimi nilikuwa na sura ya Tomma tu na gundi vidoleni mwake, na hiyo sikuweza kuiweka mezani kama hoja. Niliogopa wataniona mshamba. Nikakipitisha kijiko.

Hasira niliyo nayo kwa wengine nitaieleza, lakini hii ya kijiko ni yangu mwenyewe.

Siku hiyohiyo zamu zilibadilishwa. Desturi yetu ilikuwa mtu asikae na kazi moja zaidi ya miezi sita, asije akageuka bosi. Mimi nilikuwa na miezi mitano, lakini Roswitha alitaka kuanza na bahasha zake mpya, nikamwachia sanduku la kadi.

Tulipovaa makoti nikamshika mkono. "Angalau la Tomma usilitume. Ana kesi. Ni mtoto yule, Roswitha."

"Sawa, mama, nitaliweka kando."

Nikaamini. Nilikuja Jumamosi ya kupakia na sufuria ya supu, kama kawaida yangu, nikakuta meza tupu. Walikuwa wamepakia Ijumaa. Walikuja wasichana wengi wa kujitolea, wakapakia huku wakiimba, na magunia yakaenda posta siku hiyohiyo.

"La Tomma liko wapi?"

"La nani?" Roswitha akauliza.

Alikuwa amezipiga kadi zote upya kwa taipureta, safi, zinapendeza. Hakuna msalaba hata mmoja. Niliitua supu sakafuni. Kupiga simu kule sikuweza, angepokea bibi.

Jumatano Tomma alinipigia kutoka kibanda cha simu cha stesheni.

"Imefika," akasema.

"Nani alipokea?"

"Tarishi hakuiweka hata mezani. Aliishika mkononi, akamsomea bibi kwa sauti, chai inapoa. Niliporudi nimeikuta imesimamishwa dirishani kama kadi ya Krismasi, bibi amekaa chini yake. Ananiambia, 'Kumbe vipuri vya pikipiki ndivyo hivi. Msagaji wewe! Mjukuu wangu atalelewa na shetani?' Na Insa yuko hapo anakula mkate. Dada Gesine, mliniahidi." Nikasikia sarafu inaanguka ndani ya simu. "Wewe uliniahidi."

"Nilikuahidi."

"Sasa wakili wao anayo. Sikulaumu, ila niambie nifanye nini, maana mimi najua kuendesha lori tu."

Nilimwambia la kufanya. Hakuna mwanasheria aliyenifundisha. Mama akibanwa ukutani huwa na akili ya paka.

Mahakamani nilivaa koti la kanisani. Hakimu alikuwa mzee mnyoofu, ameishika bahasha ya zambarau kwa ncha ya kona, kama mtu ashikavyo panya kwa mkia. Bibi Eilers, mama yake Harm, alikaa mstari wa mbele na mkoba magotini. Harm alitazama viatu vyake muda wote.

"Ni mimi, mheshimiwa," nikasema. "Jina lake nililiandikisha mwenyewe, bila kumuuliza. Alinipa lifti siku ya mvua. Jina lake lipo kwenye mlango wa lori."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Tulikuwa na wasomaji wachache."

Akamgeukia Tomma. "Unamfahamu mama huyu?"

"Mvua naikumbuka," Tomma akasema. "Yeye, kidogo."

Wakili wa Harm akasimama. Alikuwa na sauti tamu, ya kuuzia bima. "Na jarida lenyewe, Bi Eilers? Unalionaje?"

Tomma aliitazama bahasha. Alikuwa anajua kurasa zile kuliko mimi. Aliwahi kuniambia kwamba huzisoma garini tangi likijazwa, na kwamba mara ya kwanza alilia hadi mkulima akamletea kitambaa, akidhani amefiwa.

"Takataka," akasema. "Nilidhani limekosea nyumba."

Hakimu akatabasamu. Akaiweka bahasha chini na kujifuta vidole. Akamwambia kwamba anaona mbele yake mama wa kweli, na mtoto atabaki naye. Kisha akanitazama mimi.

"Na wewe una watoto?"

"Wawili, mheshimiwa."

"Mungu awasaidie."

Nilikaa chini. Hawa wawili wangu nimewafulia nepi kwa mikono, nimekata samaki zamu mbili ili wapate viatu vya baridi, na mzee huyu, kwa kalamu yake na tabasamu lake, anawaombea! Nilijifinya paja nisisimame. Lilikaa jeusi wiki mbili.

Nje kwenye korido Tomma alinipita karibu, kiasi cha kunusa dizeli. Hakunisalimu. Bibi alikuwa nyuma yake, anatazama. Na kesho yake alfajiri, bibi yuleyule alirudi jikoni kwake kumwangalia Insa, maana lori lilipaswa kutoka saa kumi na hakuna aliyejitolea kukaa na mtoto. Hivyo ndivyo alivyoshinda kesi: alipata mtoto, pamoja na mlinzi. Bremen hakuja tena.

Nilidhani yamekwisha. Mwezi wa nne tukakaa kikao cha toleo jipya, na Roswitha akatoa kurasa mbili alizoandika kutokana na niliyowasimulia ya mahakamani. Kichwa chake kilikuwa "Takataka". Zilihusu mwanamke anayetukana jarida lake mbele ya hakimu ili apewe kibali cha kuwa mama.

"Jina nimelibadilisha," akasema. "Nimemwita dereva wa maziwa wa pwani."

Kijiko kikapita kwa Almut, kikapita kwa wawili wengine, wote kimya. Kikafika kwangu.

"Pwani nzima ile," nikasema, "madereva wa maziwa wa kike wako wangapi?"

"Dada, suala si mtu mmoja. Ni namna aibu inavyo—"

"Kijiko ninacho mimi."

Akanyamaza. Sikuwahi kumnyamazisha mtu pale.

"Hapana," nikasema. "Hilo ndilo neno langu, na kwa desturi yenu linatosha. Lakini leo mtasikia na mengine. Mnataka kuandika aibu? Andikeni kwamba kadi sabini na moja zilikuwa na msalaba mkaufuta kwa sababu hamkupenda sura yake. Andikeni kwamba mlipakia mkiimba. Tomma alisema neno lile na mwanawe ameamka kwake asubuhi hii. Wewe, Roswitha, ungetaka aseme nini? Hotuba? Hiyo hotuba ungeisikiliza wewe, na Insa angelala kwa bibi yake! Mmoja wenu alimpelekea supu? Mmoja wenu alikwenda hata mahakamani?"

Almut akaanza kulia. Nilimwacha alie.

Roswitha alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Basi kurasa mbili zitabaki tupu. Kesho ni siku ya mtambo wa kuchapa."

"Ziwe tupu. Na jingine. Sanduku la kadi linarudi nyumbani kwangu leo, na halitakuwa na zamu. Natia misalaba upya. Bahasha za kaki zinarudi kwa wanaozitaka. Asiyekubali aseme hapana."

Nikakipitisha kijiko. Kilizunguka meza yote, polepole, nikikifuata kwa macho kama ninavyomfuata mtoto anayevuka barabara. Kilirudi kwangu bila neno.

Jikoni kwangu nilichukua kadi ya Tomma nikaichoma juu ya sinki. Kadi isiyokuwapo haipakiwi Ijumaa.

Mbigili lilidumu miaka tisa zaidi, kisha likafa. Wenyewe walizeeka, wakapata kazi. Mwaka tisini na tano nilipata barua, mwandiko ninaoujua, mistari mitatu kama ile ya kwanza: "Insa ametimiza miaka kumi na minane jana. Bibi tulimzika mwaka juzi. Nitumieni, bahasha yoyote."

Hakukuwa na kitu cha kutuma. Miaka kumi na miwili alikunywa chai na watu wanaomchunguza, akasoma matangazo ya mbolea garini, na alipopata ruhusa ya kufungua barua yake mwenyewe, jarida lilikuwa limekufa. Mwenye kulipa hayo simjui. Hakimu alikuwa kwenye pensheni, na wakili nilimwona gazetini anafungua daraja.

Nilipanda darini, nikapekua. Nakala moja ya toleo lile lenye kurasa mbili tupu ilikuwapo, na bahasha moja ya zambarau, imefifia pembeni. Nikaliingiza humo. Chini ya herufi nene nikaandika TOMMA EILERS kwa kalamu ya wino, nikikandamiza mpaka karatasi ikatoboka, ili tarishi asipate shida ya kusoma.